Mipilipili ya kwenye ndoo inaungua kingo za majani na kunyauka ilhali udongo una maji: tatizo ni nini?

Mkazi wa Mbezi Beach (mwuliza swali):

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaomba msaada wenu kuhusu mipilipili hoho na mipilipili mbuzi ninayoilima kwenye ndoo za lita 20 barazani. Tangu masika yalipokatika na kusi kuanza kuvuma, kingo za majani ya chini zinageuka rangi ya kahawia na kukauka hadi zinavunjika vidoleni, wakati sehemu ya kati ya jani ingali kijani. Ikifika saa sita mchana mmea mzima unanyauka, ingawa nikichomeka kidole kwenye udongo ninakuta unyevu wa kutosha. Mipilipili mbuzi miwili ina dalili nyingine kabisa: majani machanga ya kileleni yamejikunja kuelekea chini, yamekuwa membamba na magumu, na maua yanapukutika kabla ya kufunga tunda.

Ninamwagilia kila jioni kwa maji ya kisima kirefu kilichopo uani, kwa sababu maji ya bomba huja kwa mgao na tunayaweka kwa matumizi ya jikoni. Udongo nilioutumia ni mchanganyiko wa udongo mweusi, samadi ya ng'ombe na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Kila ndoo ina tundu moja chini na imekaa juu ya sahani ili maji yasichafue sakafu. Jirani ananishauri niongeze yurea kwa kuwa baadhi ya majani yana njano, na muuza pembejeo anasema ni fangasi, ninunue dawa. Kabla sijaweka chochote, ningependa kuelewa ni lipi hasa linaloisumbua.

Mama Bustani, Tabata:

Umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua dawa. Mimi ningeanza na hilo tundu moja pamoja na sahani. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na ndoo isiyopitisha maji hujaa kuanzia chini, mahali ambapo kidole chako hakifiki. Mizizi ikikosa hewa huanza kuoza, na mzizi uliooza hauwezi kunyonya maji hata kama umezama ndani yake. Ndiyo maana mmea hunyauka huku udongo ukiwa umelowa, na mwenye mmea akiona umenyauka anaongeza maji mengine, hali inazidi kuwa mbaya.

Ninakuomba upime kwa njia mbili. Kwanza, inua ndoo asubuhi kabla ya kumwagilia. Ukiizoea utatambua tofauti ya uzito wa ndoo iliyoshiba maji na ile iliyokauka, na kipimo hicho kinaaminika kuliko ratiba yoyote ya kila jioni. Pili, laza ndoo moja ubavu, uchomoe mmea taratibu pamoja na udongo wake, uangalie mizizi. Iliyo mizima ni myeupe na imara. Iliyooza ni ya kahawia, ina harufu mbaya, na ukiivuta ganda lake huteleza likabaki uzi mwembamba mkononi.

Hata hivyo, sitaki kukupotosha. Maji yakizidi peke yake, majani ya chini kwa kawaida huwa ya njano jani zima na hulegea; hayaanzi kwa kuungua kingo namna ulivyoeleza. Kiu nayo haielekei, kwa sababu udongo wenye kiu hujitenga na ukuta wa ndoo, na maji ukiyamwaga hupita pembeni moja kwa moja bila kulowanisha katikati. Nadhani kuna jambo la pili limejificha.

Mkulima wa Kigamboni:

Ninaungana na mama hapo juu, na hilo jambo la pili kwa maoni yangu ni chumvi. Tazama wakati tatizo lilipoanza: masika yalipokatika. Wakati wa mvua ndoo zako zilikuwa zinaoshwa bila wewe kujua, kwa kuwa maji ya mvua hayana chumvi na yalikuwa yakisukuma nje ile iliyoletwa na kisima. Mvua ilipokoma, kila jioni uliongeza chumvi kidogo, jua na upepo vikachukua maji, chumvi ikabaki. Nayo sahani inazidisha tatizo, kwa sababu maji yaliyotoka na chumvi yake hunyonywa tena juu.

Udongo ukishajaa chumvi, mizizi hushindwa kuvuta maji yaliyopo, na chumvi inayofanikiwa kuingia hupelekwa hadi mwisho wa safari ya maji ndani ya mmea, yaani kingo na ncha za majani, na majani yaliyokaa muda mrefu zaidi ndiyo yanayobeba nyingi. Upungufu wa potasiamu pia huunguza kingo za majani ya zamani, kwa hiyo usihukumu kwa jani pekee. Inua sahani na uangalie chini ya ndoo, kuzunguka tundu, na juu ya udongo karibu na ukingo. Ukiona ukoko mweupe unaokwanguka kwa ukucha, una jibu.

Uliza pia yale makumbi yalitoka wapi. Huku pwani makumbi mengine hufukiwa kwenye tope la bahari ili yalainike kwa kutoa usumba wa kamba, na yakisagwa bila kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa huingia kwenye ndoo yakiwa na chumvi yake.

Kuhusu yurea, ninakusihi usiiweke sasa. Mbolea ya viwandani huongeza mzigo wa chumvi kwenye mizizi ambayo tayari imeelemewa. Ukosefu wa naitrojeni huonekana kwa majani ya zamani kugeuka njano yote kwa usawa, na ukosefu wa chuma kwa majani machanga kuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, jambo la kawaida penye mawe ya matumbawe. Wewe hujaeleza lolote kati ya hayo.

Ukiweza, azima kipima chumvi. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kuhusu ubora wa maji ya kumwagilia, toleo la 1985, unaonyesha kuwa pilipili huanza kupungua mavuno maji yakizidi desisimensi 1.0 kwa mita, ambacho ndicho kizio cha kupimia chumvi ya maji. Nyanya huvumilia hadi 1.7, na maharage huanza kuumia kwenye 0.7.

Mkazi wa Mbezi Beach:

Ninawashukuru sana nyote wawili. Ukoko upo chini ya ndoo zote, na kwenye ndoo mbili umefunika pia udongo wa juu. Mizizi ya juu ni myeupe, lakini ya chini kabisa imekuwa ya kahawia na inanuka. Jirani anayefuga samaki ameniazima kipimo chake: maji ya kisima yamesoma 2.3, na ya bomba 0.4. Je, nitoe udongo wote nipande upya, au kuna namna ya kuiokoa? Na ile mipilipili mbuzi yenye majani yaliyojikunja, nayo ni chumvi?

Muuza Miche, Mwenge:

Hiyo ya kujikunja siyo chumvi, na ni vizuri umeitenganisha tangu mwanzo. Chumvi huanzia majani ya zamani; haya ni machanga, yamekuwa membamba, yamejikunja kuelekea chini, na maua yanaanguka. Geuza jani moja. Likiwa na mng'ao wa rangi ya shaba upande wa chini, huyo ni utitiri mpana, mdudu mdogo kiasi kwamba huwezi kumwona bila kioo cha kukuzia. Kama lingekuwa limejikunja kuelekea juu na lina mikwaruzo ya rangi ya fedha, ningewashuku thiripi, wadudu wengine wadogo.

Itenge hiyo miwili leo hii, ukate vilele vilivyoathirika, uvifunge kwenye mfuko na kuvitupa. Dawa nyingi za kawaida za wadudu haziui utitiri, na zinaua wale wanaoula, kwa hiyo omba dukani salfa ya kunyunyizia na ufuate kipimo cha lebo pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nyunyizia jioni, kwa kuwa salfa huunguza majani kwenye jua kali, na usiichanganye na mafuta ya muarobaini. Dawa ya fangasi uliyoshauriwa haitaponya kingo zilizoungua.

Mkulima wa Kigamboni:

Huna haja ya kupanda upya, isipokuwa ile ambayo mizizi yake yote imeoza. Toboa matundu mengine matano au sita, ondoa sahani, inua ndoo juu ya vipande vya tofali, kisha pitisha maji ya bomba polepole kwa awamu, angalau lita 20 kwa kila ndoo, yatoke chini na kwenda zake. Baada ya hapo subiri ndoo iwe nyepesi ndipo umwagilie tena.

Kwa kipimo ulichokitaja, ndoo moja ya kisima ukiichanganya na mbili za bomba unapata kama 1.03, kiwango ambacho pilipili inakiweza. Ukichanganya nusu kwa nusu utafika 1.35, hayo yapeleke kwenye nyanya. Mwagilia shinani asubuhi, usiloweshe majani kwa maji ya kisima, na kila mara acha sehemu kidogo itoke chini. Vuli ikifika, kinga maji ya bati kadiri utakavyoweza.

Majani yaliyoungua hayatarudi kuwa mazima, lakini usiyakate yote sasa, maana sehemu iliyobaki kijani bado inaulisha mmea. Angalia yanayochipua: yakikomaa bila kuungua kingo, chumvi imeondoka, na hapo ndipo uanze mbolea kwa kiasi kidogo.