Uzao wa Bibi: vinywaji vya Jumamosi

JUMATATU

19:04 Da Mkubwa: Habari za jioni ndugu zangu. Shikamoo Bibi, shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Jumamosi ndiyo hiyo inakuja, na kwa joto hili hakuna atakayekaa uani na kikombe cha chai. Mwaka huu tufanye kokteli za matunda yaliyogandishwa, zile nzito za kuanza na kijiko na kumalizia kwa mdomo. Nitasimamia mwenyewe. Nahitaji watu watatu tu.

19:05 Da Mkubwa: Wa friza, wa matunda, wa blenda.

19:33 Da Mkubwa: Tiki za bluu naziona jamani.

19:40 Kitinda: Mimi wa kunywa 🙋🏾

19:41 Binamu: Namsaidia huyo, kazi yake nzito

19:52 Da Mkubwa: Nimepiga hesabu. Tuko 26. Kila mtu glasi mbili za mililita 250, jumla lita 13. Jagi la blenda ukitia barafu hulijazi, unasaga kama lita moja tu kwa mkupuo. Hiyo ni mikupuo 13, na mota lazima ipumzike katikati. Tukisubiri watu wafike ndipo tuanze, wa mwisho atapewa glasi yake wenzake wanaaga. Kwa hiyo matunda yagandishwe kuanzia Alhamisi na sehemu kubwa isagwe Ijumaa usiku.

20:15 Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Blenda ilimshinda hata mwenye baa. Mariano Martinez, Dallas, 1971. Watu wanataka margarita za barafu, wahudumu wamechoka kusaga, na kila glasi inatoka na ladha yake. Akachukua mashine ya aiskrimu laini akaigeuza ikawa ya kokteli. Mashine yenyewe sasa iko makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Tukodi mashine.

20:17 Da Mkubwa: Asante Baba Mdogo, lakini mashine ya kukodi inataka mtu wa kwenda kuikodi, na hapa bado sijasikia "mimi" hata moja. Blenda zipo majumbani.

20:26 Shangazi: Marahaba. Blenda zipo wapi? Yangu haipo.

20:27 Shangazi: Ipo, ila haina mpira wa chini tangu mahafali ya Kitinda. Ukitia maji yanashuka yote mezani.

20:28 Binamu: Yameanza 😂

20:28 Kitinda: Mahafali yangu yamefanya nini tena

20:30 Shangazi: Wewe huhusiki mwanangu. Anayehusika anasoma hapa.

20:31 Shangazi: Ilirudi inanuka kuungua. Mabonge ya barafu makavu, bila tone la maji, halafu mtu anabonyeza tu. Sikusema kitu siku ile kwa sababu kulikuwa na wageni.

20:34 Da Mkubwa: Shangazi pole, hilo tutalitafutia nafasi yake. Nani ana friza yenye nafasi?

JUMANNE

07:10 Da Mkubwa: Friza jamani.

09:22 Mama Mdogo: Amina 🙏🏾

09:25 Da Mkubwa: Mama Mdogo nimeuliza friza.

12:48 Da Mkubwa: Sawa, naandika matunda huku nasubiri. Someni mpaka mwisho tafadhali, mwaka juzi hamkusoma. Embe na nanasi: menya, kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, panga kwenye trei visigusane, vilale humo usiku mzima. Vikishakuwa vigumu ndipo uvitie mfukoni. Ukivimwaga mfukoni vikiwa vibichi vinashikana vinakuwa tofali moja, na tofali hilo ndilo linalomaliza visu vya blenda. Ndizi MENYENI KABLA. Zile zilizokuja na maganda yake zimeganda tulizichonga kwa kisu kama mbao, kidole changu bado kina alama.

12:50 Da Mkubwa: Tikiti maji zaidi ya asilimia 90 yake ni maji. Likisagwa peke yake linatoa chengachenga tu, halina mwili. Lichanganywe na embe au ndizi, hizo ndizo zinazoshika.

12:55 Da Mkubwa: Na shira. Pikeni sukari na maji sawa kwa sawa, iyeyuke, ipoe kabisa. Sukari ya chembechembe haiyeyuki kwenye baridi, mtu anabaki kuitafuna. Mnapoonja kabla ya kugandisha, iwe tamu kupita mnavyopenda, maana ulimi ukishapoa hausikii utamu vizuri. Ndimu msisahau, bila ukali kidogo utamu mtupu unakinaisha.

13:02 Kitinda: Dada hiyo ni insha 😅 mimi naleta embe basi

13:02 Da Mkubwa: ASANTE. Ngapi?

13:30 Binamu: Mimi naleta mabalungi. Mti umezaa mpaka matawi yanagusa chini. Yale mekundu ndani, kokteli yake inatoka rangi ya machweo

13:34 Wifi: Shemeji subiri kwanza. Balungi lisiingie kwenye jagi la wote. Linazuia mwili kuvunja baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi za presha na za kolesteroli, na dawa inazidi kwenye damu kupita alivyoandikiwa mtu. Bibi anameza ya presha. Aliye karibu naye anipigie picha ya boksi, nilisome jina.

13:36 Binamu: Balungi tena? Mnakumbuka Baba Mdogo alivyolila kwa chumvi, jicho moja likafunga mpaka jioni 😂😂

13:36 Kitinda: 😂😂😂 na picha ninayo

13:37 Kitinda: [picha]

13:38 Mama Mdogo: 😂 jamani wifi zangu njooni muone kaka yenu

13:41 Baba Mdogo: Lilikuwa bichi lile. Futeni.

13:42 Binamu: Haifutiki, nimeshaiweka kuwa picha ya kikundi

13:50 Wifi: Nimeuliza boksi la dawa.

14:20 Wifi: ?

18:05 Baba Mdogo: Turudi kwenye vinywaji. Sijaona ramu kwenye orodha. Daiquiri, kokteli ya ramu na ndimu, imetoka Cuba, na pale baa ya El Floridita, Havana, ndipo ile ya barafu ya kusaga ilipopata jina. Bila ramu hiyo ni juisi baridi.

18:19 Da Mkubwa: Baba Mdogo nilikuwa nafika huko. Pombe kali ya asilimia 40 haigandi mpaka karibu nyuzi -27, na friza ya nyumbani ni -18. Ukiimwaga kwa mkono mkubwa inabaki maji, ule uzito hauji. Sehemu moja ya ramu kwa nne za matunda na shira, hapo inashika. Kwa hiyo tungefanya majagi mawili, la watoto na la wakubwa.

18:20 Da Mkubwa: Rangi tofauti kabisa. La watoto embe, la wakubwa stroberi. Na karatasi imebandikwa.

18:21 Binamu: Jagi jekundu limerudi mjini 😂😂

18:22 Kitinda: 🙊

18:23 [Ujumbe huu umefutwa]

18:47 Wifi: Majagi mawili.

19:30 Kaka Pili: Shikamooni. Kama ni majagi mawili, mimi na watoto wangu tutapita kumsalimia Bibi asubuhi na kuondoka.

19:33 Da Mkubwa: Kaka safari hii nitakaa mimi mwenyewe mbele ya meza.

19:34 Kaka Pili: Na mwaka ule alikuwepo mtu mbele ya meza.

19:51 Baba Mdogo: Jambo lile liliisha, tulikaa tukaongea.

19:52 Kaka Pili: Kwako liliisha, baba.

20:10 Da Mkubwa: Tafadhalini.

20:11 Binamu: Mimi nilikuwa natania jamani, samahani kaka

20:40 Shangazi: Na mpira wangu je?

20:41 Da Mkubwa: Shangazi si sasa hivi.

JUMATANO

06:58 Shangazi: Nimelala kwa Bibi. Kaamka na mapema ananiambia nimsomee kikundi chote. Naandika anavyosema, sijaongeza neno.

07:04 Shangazi: "Nimesomewa. Balungi nimeliacha, na boksi la dawa mtapewa. Mke wa mjukuu wangu kauliza swali la uhai wangu mkamjibu kwa picha ya mtu kakunja uso. Mpira wa blenda ni kitu cha kununuliwa, si cha kubebwa moyoni. Aliyeupoteza aulete. Na jagi jekundu sitaki kulisikia tena likitajwa kwa kicheko. Usiku ule kichwa cha mtoto kilikuwa mapajani kwangu mpaka kukapambazuka, nahesabu pumzi zake, nikipoteza hesabu naanza upya. Uani kwangu Jumamosi patakuwa na jagi moja. Mtoto anywe humo, na mzee anywe humo humo. Mwenye chupa yake aiache kwake. Nimemaliza."

07:05 Shangazi: [picha: boksi la dawa]

11:46 Da Mkubwa: Tumekusikia Bibi.

11:46 Kitinda: Tumesikia Bibi

11:49 Binamu: Nisamehe Bibi. Nimebadilisha picha ya kikundi.

12:15 Wifi: Asante Bibi. Boksi nimeliona, na hii ni mojawapo ya zile nilizosema. Balungi lisiguse hata kisu cha kukatia ndimu.

12:16 Binamu: Sileti kabisa shemeji. Nitaleta ndimu na stroberi

12:30 Da Mkubwa: Ngapi?

12:58 Da Mkubwa: Basi jagi ni moja, yaani mchanganyiko mmoja kwa wote. Hesabu ni ile ile, lita 13. Bila pombe na bila shira ya kutosha itaganda ngumu kama jiwe, kwa hiyo shira ndiyo itakayoilainisha, msiibane. Ikishasagwa Ijumaa, imimineni kwenye mifuko ya plastiki ya kufunga, mitupu kiasi, muilaze bapa kama vitabu. Jumamosi inatolewa dakika 20 kabla, unaiponda kwa mikono ndani ya mfuko wake, inarudi kuwa uji wa barafu. Chupa za kioo HAPANA. Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kama asilimia 9, chupa iliyojaa inapasuka, na vigae kwenye kinywaji cha watoto hatutavipembua kwa macho.

13:20 Mama Mdogo: Na maziwa tutie? Watoto wanapenda.

13:24 Da Mkubwa: Maziwa na nanasi bichi visilale pamoja Mama Mdogo. Nanasi linakata protini ya maziwa, asubuhi unakuta uchungu. Anayetaka maziwa atiliwe kwenye glasi yake, anywe hapo hapo.

21:37 Baba Mdogo: Nimesoma alichosema mama.

21:44 Baba Mdogo: Piña colada ni kinywaji rasmi cha Puerto Rico tangu 1978. Ukiitoa ramu, nanasi na tui la nazi vinabaki vimesimama wenyewe. Nitaleta mananasi sita na nazi za tui. Nitamenya mwenyewe, nitapanga kwenye trei visigusane.

21:45 Da Mkubwa: Asante sana Baba Mdogo 🙏🏾 Friza unayo?

21:59 Baba Mdogo: Ina samaki.

ALHAMISI

06:30 Da Mkubwa: Leo ndiyo siku ya kugandisha. Yangu inaingia trei mbili, matunda yote yanataka kama sita. Wa friza bado sina.

10:12 Mama Mdogo: Ya kwangu nitamuuliza mzee akirudi.

10:13 Da Mkubwa: Anarudi lini?

14:05 Kitinda: Embe nimeshakata. Kumi na mbili. Zinakaa wapi??

14:06 Da Mkubwa: Zifunike, zikamulie ndimu, weka kwenye friji tu kwanza. Kaka Pili, kwako vipi?

14:40 Da Mkubwa: Kaka, mnakuja? Nijue ni 26 au 21.

17:18 Wifi: Wifi, mimi nitakuja kusaga Ijumaa usiku. Nataka kuona kila kinachoingia mle. Hayo mengine muulize mwenyewe.

17:20 Da Mkubwa: Karibu sana wifi. Kumbuka maji au juisi itangulie chini, kisha matunda laini, barafu juu ya vyote, blenda isisage hewa. Lakini tunasagia blenda ya nani? Yangu peke yake mikupuo 13 itakufa.

20:51 Kaka Pili: [picha: mpira mweusi wa duara kwenye kiganja]

20:52 Kaka Pili: Shikamoo Shangazi. Nimezunguka tangu mchana, nimepata huu. Naona kama mkubwa kidogo.

20:58 Shangazi: Marahaba mwanangu.

21:03 Shangazi: Pima upana, uniambie ni senti ngapi.