Damu chini kwa mwenye siliaki: vidonge vya chuma, maltivitamini au dripu?

Mama_Kondele
Wadau, binti yangu wa miaka 19 amegunduliwa na siliaki, ule ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano, huufanya mwili uharibu utumbo wake. Ngano ameacha, lakini vipimo vinaonyesha feritini (akiba ya chuma mwilini) na vitamini D ziko chini. Duka la dawa moja wanasifu maltivitamini ya bei ghali, lingine ferasi salfeti, vidonge vya chuma. Jirani anasema dripu ya chuma moja kwa moja. Tuanze na nini?

Mfamasia_Nakuru
Mama, kwa damu usitegemee maltivitamini. Nyingi zina chuma kidogo, na kalsiamu iliyomo humohumo hukizuia kufyonzwa. Ferasi salfeti ya miligramu 200 hutoa miligramu 65 hivi za chuma chenyewe. Ferasi glukoneti ya 300 hutoa kama 35, na tumbo likisumbua wengi huivumilia zaidi. Chuma hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo mdogo, palepale siliaki inapoharibu, kwa hivyo akionjaonja ngano hata kidonge bora hakitafika mbali. Dripu ni ya hospitali, vidonge vikishindwa au damu ikiwa chini mno. Na vitamini D mwulizeni daktari kipimo.

Nyar_Ahero
Mimi pia nina siliaki. Dada, chai ya maziwa na kidonge cha chuma visikutane kabisa! Mimi humeza na juisi ya machungwa, chai naingoja saa mbili. Kalsiamu nakula jioni na chakula. Daktari alinipa chuma siku moja, siku inayofuata napumzika, na kichefuchefu kikapungua. Choo kikiwa cheusi asishtuke, ni chuma tu.

Kijana_Kakamega
Kwani omena, managu na uji wa wimbi havitoshi?

Mfamasia_Nakuru
Ale, tena sana. Omena inaliwa na mifupa yake, kalsiamu hiyo. Ila akiba ikishakwisha, chakula pekee huchelewa mno kuijaza. Na wimbi ukiupeleka kwenye kinu kilichotoka kusaga ngano, umemrudishia gluteni. Jambo lingine: vitamini B12 ipimwe kabla ya kumpa foliki asidi (vitamini B9) ya nguvu. Foliki inaweza kuongeza damu huku mishipa ya fahamu ikizidi kuumia kwa kukosa B12.

Mama_Kondele
Mungu awabariki. Kidonge chenyewe kinaweza kuwa na ngano?

Mfamasia_Nakuru
Ni nadra, lakini hutokea kupitia wanga wa kukishikanisha. Soma karatasi iliyo ndani ya pakiti. Ikitaja wanga bila kusema ni wa mahindi au viazi, uliza kabla hujalipa.