Wudi 3 au wudi 5? Nisaidieni kuchagua

Wakuu habari zenu. Nacheza gofu Lugalo kila Jumamosi, nataka fimbo moja ya feawei (yale majani yaliyokatwa ya kuelekea shimoni) maana wudi 3 niliyonayo (wudi ni fimbo ya kichwa kinene ya kupigia mbali) ni ya digrii 15 na nikiipiga kutoka chini mpira unatambaa kwenye majani mita 100 hivi unaishia hapo, ila nikiuweka kwenye tii (kile kijiti cha kuinulia mpira) unaruka safi kabisa. Ninunue wudi 3 mpya au nichukue 5? Bajeti ni ya mtumba.

Jibu: Mkuu, mpya haitakusaidia, shida ni lofti, yaani mlalo wa uso wa fimbo. Digrii 15 bila tii zinataka spidi ambayo wengi wetu hatuna. Chukua wudi 5, digrii 18, shafti yake (ule mti wa fimbo) fupi kidogo kwahiyo ni rahisi kuupata mpira katikati ya uso wa fimbo.

Jibu: Mi ningeenda hata wudi 7. Nilitoa eani 3 (fimbo ya kichwa chembamba cha chuma) nikaiweka hiyo, mpira unapanda juu na ukitua grini (pale penye shimo) hautoroki, hata kwenye majani marefu inapita. Ila hesabu begi lako, mwisho fimbo 14.

Jibu: Mtumba kagua pale shafti inapoingia kwenye kichwa, kishike ukizungushe, kikicheza hata kidogo achana nayo. Mimi niliuziwa yenye ufa chini ya stika, ikakatika shimo la tatu, iliniuma sana. Na shafti chukua R (ya kawaida), S (ngumu) ni ya wenye spidi.

Muulizaji: Asanteni sana wakuu. Kuna jamaa ana wudi 5 ya R, Jumamosi naipiga mipira kumi bila tii kabla sijatoa hela.