Jicho la kulia limeniacha, nahamia bega la kushoto: wenye shoto nisaidieni

Shayiri_Njoro

Habari zenu. Mimi ni mkulima wa shayiri na ngano huku Njoro, umri miaka 61. Nina bunduki moja ya mitutu miwili iliyolala sambamba, geji ya 12, na cheti chake nimekuwa nacho tangu 1994. Miaka yote hiyo nimepigia bega la kulia. Mwaka jana daktari wa macho aliniambia nina presha ya macho. Jicho la kulia limebaki na ukungu mtupu, na alisema wazi kwamba kilichopotea hakirudi. La kushoto bado liko sawa, nalitilia matone kila usiku.

Tuko watu sita, tunakutana mara moja kwa mwezi kwenye uwanja ulioidhinishwa wa kulenga shabaha. Tumeiga ule mchezo wa makauboi wa Marekani, ila kwa shotgani peke yake. Mabamba manne ya chuma yanasimamishwa mbele. Bunduki iko mezani, wazi na tupu. Kengele ikilia unaiokota, unatia risasi mbili, unaangusha mabamba mawili, unafungua, unatia mbili nyingine, unamalizia. Zamani nilikuwa namaliza kwa sekunde 11. Mwezi uliopita nilijaribu bega la kushoto: sekunde 26, na mabamba mawili yakabaki yamesimama yananitazama.

Shida zangu ni hizi. Kengele ikilia, kitako kinakimbilia bega la kulia chenyewe, kabla sijafikiri. Nikikiweka kushoto, shavu halipati mahali pa kulala, na risasi zinapita kulia kwa bamba. Halafu kile kiwenzo cha juu cha kufungulia mitutu, gumba langu la kushoto linakipapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Kuna jambo lingine nalisema kwa sababu naona linahusika. Nilizaliwa na shoto. Mwaka wa 1971, darasa la kwanza, mwalimu alinifunga mkono wa kushoto kwenye dawati kwa kamba ya katani mpaka nikajifunza kuandika kwa wa kulia. Nyumbani nyanya yangu hakupokea hata kijiko kutoka mkono huo. Kwa hiyo siulizi tu jinsi ya kupiga. Nauliza kama mkono ulionyamazishwa miaka 54 unaweza kuamshwa.

Mkulima_Kitale

Pole sana mzee. Kwa nini usibaki bega la kulia halafu ulaze kichwa juu ya kitako mpaka jicho la kushoto lifike kwenye mstari? Namjua mtu alifanya hivyo. Kujifunza upya katika umri wako ni kazi.

Shayiri_Njoro

Ndugu, nilianza na hiyo. Shingo iliuma siku mbili, na shavu lilikuwa haligusi mbao vizuri, kwa hiyo teke la bunduki lilinipiga kwenye mfupa. Siwezi.

Kauboi_wa_Solai

Mzee wangu, mimi ni mtoto wa Solai, niko Texas mwaka wa kumi na mbili sasa, na nacheza mchezo huo wenyewe, ule wa chama cha SASS kilichoanzia California mwaka wa 1987. Huku tunatumia bunduki nne: bastola mbili za kukoki kwa gumba, raifo ya wenzo, na shotgani. Mimi ni mashoto wa kuzaliwa, kwa hiyo hapa nipo nyumbani.

Kwanza, furahi kwamba una mitutu miwili sambamba. Wenzangu wanaotumia ile Winchester ya 1897, ya kukoki kwa kuvuta mkono wa mbele, ganda linatokea upande wa kulia. Anayepigia bega la kushoto uso wake uko upande huohuo, basi maganda yanampita mbele ya macho. Yako haina shida hiyo. Hata kizuizi cha usalama kiko juu ya shingo ya kitako, katikati, hakibagui mkono.

Risasi kupita kulia si kosa la mkono wako. Vitako vingi vimepindwa kidogo kwenda kulia, ili jicho la kulia likae juu ya mstari wa mitutu. Wewe ukihamia kushoto, jicho lako linakuwa kulia kwa huo mstari, na risasi zinaelekea upande huohuo jicho liliko. Shika bunduki ikiwa tupu, itazame kutoka juu, utauona huo mpindo. Fundi anaweza kuipasha mbao moto na kuinyoosha. Lakini awe fundi mwenye usajili, tafadhali, unajua sheria ya bunduki ya Kenya isivyo na mzaha. Na asiipinde kabla hujafanya mazoezi wiki kadhaa, kwa sababu mkao wako wa leo sio utakaokuwa nao baadaye.

Kiwenzo: usizungushe gumba la kushoto juu ya shingo. Libakishe upande wake wa kushoto, lisukume kiwenzo kwenda kulia. Mitutu ikiwa bado inatazama mbele, iinue kidogo, maganda yateleze yenyewe.

Na hapa ndipo nataka unisikilize zaidi. Usihamishe kila kitu. Mkono wako wa kulia umechomoa risasi mkandani miaka 30. Uache uendelee na kazi hiyo! Wa kushoto ubaki shingoni, kitako ukibane kwenye nyonga, wa kulia utoke mbele ukachukue risasi mbili kwa pamoja. Kinachohama ni bega, shavu na kidole cha triga. Miguu pia: sasa wa kulia ndio unaotangulia.

Usiku, dakika 10, risasi za bandia, risasi halisi zikiwa zimefungiwa chumba kingine. Polepole kabisa. Huku kila shabaha iliyobaki imesimama ni sekunde 5 juu ya muda wako, na nimeona wengi wanaokimbilia saa wakashindwa na mtu mzima anayepiga taratibu bila kukosa. Tumia pia risasi nyepesi, za gramu 24, bega jipya halijazoea teke.

Nyar_Kisumu

Baba, mimi ni muuguzi wa kliniki ya macho huku Kisumu. Bunduki siijui, macho nayajua. Mambo mawili tu. Muulize daktari wako kuhusu hilo teke kabla hujaendelea, mweleze hasa unafanya nini. Usimwambie tu "mazoezi". La pili ni la haraka zaidi: presha ya macho hutembea katika familia. Ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako wapimwe, hata kama wanaona vizuri, kwa sababu haiumi na mtu hujua akiwa amechelewa. Na umbali utakudanganya kwa muda ukitegemea jicho moja. Hata chai utaimwaga nje ya kikombe. Ubongo huzoea, upe miezi.

Shayiri_Njoro

Asanteni kwa moyo wote. Nimekaa wiki tano bila kuandika kwa sababu nilitaka kurudi na kitu mkononi.

Nyar_Kisumu, daktari ameniruhusu kwa risasi nyepesi. Dada yangu aliyeko Molo amepimwa na ameanzishiwa matone wiki iliyopita. Hakuwa na dalili yoyote. Mungu akubariki, siwezi kusema zaidi ya hapo.

Kauboi, kila usiku baada ya taarifa ya habari nimesimama sebuleni, bunduki tupu, mitutu imeelekea ukuta wa mawe, nikiinua na kushusha. Siku kumi za kwanza kitako kilikwenda kulia kila nilipoharakisha. Kisha usiku mmoja mke wangu akaniambia, "Leo hukufikiri." Kweli, kilikuwa kimekwenda kushoto chenyewe. Mkono wa kulia nimeuachia mkanda, kama ulivyosema, na hilo limeniokoa kuliko yote.

Jumamosi uwanjani: sekunde 17, mabamba yote manne chini. Risasi bado zinaelemea kulia kidogo, lakini fundi ameipima na atainyoosha mwezi ujao.

Nilipofika nyumbani nilichukua kalamu kwa mkono wa kushoto nikaandika jina langu. Herufi ni za mtoto wa darasa la kwanza, lakini zinasomeka.

Swali moja limebaki, Kauboi. Nikichukua risasi mbili pamoja kwa mkono wa kulia, ya pili hugonga ukingo wa mtutu isiingie. Wewe unazishika kwa vidole vipi?