Nimekuta kaseti 19 za bendi ya marehemu baba. Nizipandishe YouTube au nifanyeje? Naomba ushauri

MtotoWaMkonge

Habari za jioni wakuu.

Baba yangu alitangulia mbele ya haki mwaka juzi. Enzi zake alipiga gita la rithim kwenye bendi ndogo ya mashamba ya mkonge huku Korogwe. Hamuwezi kuijua, maana haikuwahi kwenda Dar kurekodi. Majuzi mama katoa sanduku la bati alilokuwa haligusi, na chini ya mashati tukakuta kaseti 19, majina ya nyimbo kaandika mwenyewe kwa kalamu ya risasi.

Nimesikiliza moja tu. Kabla ya wimbo kuanza baba anasikika akisema, "Ngojeni, uzi wa tatu umeshuka." Anaukaza, anaujaribu, anaukaza tena, na nyuma yake kuna mtoto analia. Mama alikuwa anapepeta mchele uani, akasimama mlangoni akaniambia, "Huyo ni wewe. Ulikuwa na homa, nikakupeleka mazoezini kwa kuwa sikuwa na wa kumuachia."

Tangu siku hiyo sina raha mpaka nizitoe humo sandukuni. Kaka yangu anataka tumpe msambazaji atuwekee Spotify na Boomplay tupate chochote. Mama anasema watu wasikie tu, inatosha. Mimi naogopa vitu viwili: mtu kuzipakua na kujiita mwenye mali, na sisi wenyewe kuwakosea wenzake baba. Najua wawili wako hai, mwimbaji na mpiga tumba.

Mnanishauri nini?

FundiKaseti_Tanga

Pole sana dada. Kabla ya habari za YouTube, nakuomba usizipige tena hizo kaseti hadi ufanye haya.

Juu ya kila kaseti kuna vidude viwili vidogo vya plastiki pembeni. Vivunje vyote. Vikiwepo, mtu akikosea kitufe anarekodi juu ya sauti ya mzee na haitarudi tena. Kisha fungua redio kaseti, safisha hedi (kile kichwa cha chuma kinachosoma mkanda) na kile kigurudumu cha mpira kwa spiriti na kijiti cha pamba, uache vikauke. Kila kaseti izungushe mbele hadi mwisho na nyuma hadi mwanzo ndipo uipige, kwa sababu mkanda uliokaa miaka mingi hulegea upande mmoja na kukaza mwingine.

Angalia pia kwenye dirisha la kaseti. Ukiona unga mweupe pembezoni mwa mkanda, huo ni ukungu. Usiipige hiyo, itachafua hedi na kuambukiza nyingine.

Kurekodi: waya kutoka redio hadi laptop, programu ya Audacity (ni ya bure). Tafadhali usiweke simu mbele ya spika. Hifadhi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), siyo MP3. Dakika moja inakula kama MB 10, kwa hiyo kaseti ya dakika 90 ni karibu GB 1. Zote 19 zinaenea kwenye flashi ya GB 32. Nunua mbili, moja ikae nyumba nyingine.

Mzaliwa_wa_Mazinde

Umenitoa machozi. Sisi watoto wa mashamba tunajua siku ya mshahara ilivyokuwa: klabu inajaa, vumbi linapanda hadi kwenye taa, na wanaocheza ni hao hao waliokata mkonge tangu alfajiri. Nyimbo za Dar tulizisikia redioni. Za kwetu hazikuhifadhiwa na mtu. Zitoe dada.

Wakili_Ngamiani

Hapa inabidi tutenganishe mambo, maana wengi huyachanganya.

Kaseti kuwa mali yenu haina maana wimbo ni mali yenu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na haki hiyo hurithiwa. Waliopiga na kuimba nao wana haki zao, ndiyo hizo zinaitwa hakishiriki. Baba akiwa ametunga, warithi ni nyinyi. Akiwa ametunga mwenzake, huyo mwenzake au watoto wake ndio wa kuombwa. Kwa hiyo kwanza nendeni kwa wazee hao wawili na daftari. Wimbo kwa wimbo: nani katunga, nani kaimba, nani kapiga nini. Waweke saini. Kisha mnaweza kuzisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ulinzi wa sheria upo hata bila kusajili, lakini siku ya ugomvi cheti ni ushahidi.

Swali: kaseti zote ni za mazoezi na klabu? Watu wa zamani walikuwa wanarekodi na nyimbo za redioni.

MtotoWaMkonge

Mbili zimeandikwa "RTD". Sikufikiria kabisa.

Wakili_Ngamiani

Hizo usizipandishe. Bendi kubwa nyingi za wakati ule zilirekodiwa studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na mikanda yake ilirithiwa na TBC, shirika la utangazaji la taifa. Sikilizeni nyumbani.

Prodyuza_Temeke

Mimi nizungumzie msambazaji, maana yalinikuta.

Nilimpa msambazaji mmoja nyimbo zangu bila kusoma masharti, akaziingiza kwenye Content ID. Ule ni mfumo wa YouTube unaolinganisha sauti ya kila video na sauti zilizosajiliwa. Mwezi uliofuata nikapandisha video yangu mwenyewe, na madai yakaja juu yake kwa jina la msambazaji. Nilipinga. Mdai ana siku 30 za kujibu, na zile siku 30 nilikaa kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Mwisho aliyaachia.

Jueni kwamba madai ya namna hiyo siyo onyo. Madai hupeleka pesa ya matangazo kwa mdai, au video inazuiwa. Onyo ni jambo zito zaidi: yakifika matatu ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa.

Kwa upande mwingine Content ID ndiyo dawa ya ile hofu yako ya wizi. Nyimbo zikishasajiliwa kwa jina lenu, atakayezipakua na kuzipandisha atakamatwa na mfumo. Kwa hiyo msambazaji siyo adui, ila mkataba usomwe mstari kwa mstari, hasa anachukua asilimia ngapi na mnatokaje mkitaka kutoka.

Kaka_Mdogo_Muheza

Mimi sikubaliani na habari ya pesa. Kulipwa matangazo YouTube kwa video za kawaida kunahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Muziki wa bendi isiyojulikana hautafika huko haraka, na familia itaanza kugombana juu ya pesa ambayo haijaja. Msikilizeni mama.

Prodyuza_Temeke

Hapo nakuunga mkono. Ila makubaliano ya mgao yaandikwe sasa, wakati hakuna pesa. Ikishaingia hakuna atakayekubali kuandika.

MtotoWaMkonge

Wakuu, mrejesho.

Jumapili tulikwenda kwa mzee mwimbaji, mimi, mama na kaka. Haoni vizuri siku hizi. Nilimwekea ule wimbo kwenye simu, akaushika mkono wa mama hadi ulipoisha. Kisha akasema jina aliloandika baba siyo jina la wimbo, ni jina la msichana aliyetungiwa. Na mtunzi siyo baba, ni mpiga besi, marehemu pia, ana binti yake Handeni. Bila kwenda kwa mzee tungeweka jina la baba juu ya kazi ya mwenzake.

Binti huyo nimempigia, amekubali. Kaka naye ameelewa, msambazaji tumemuweka pembeni kwanza. Tunaanza na YouTube, nyimbo nne, na chini ya kila moja majina yote ya waliopiga.

Mzee ametuomba kitu kimoja: kilio cha mtoto kisikatwe.

Fundi wa Tanga, kaseti tatu zina ule unga mweupe. Nakuja nazo Jumanne kwa basi la asubuhi. Nizifunge kwenye nini zisiambukize nyingine?

FundiKaseti_Tanga

Kila moja kwenye mfuko wake wa nailoni, na usiziweke juani. Nitakuwepo kuanzia saa tatu.