Indeksi ipo kwenye jedwali la kiungo, mbona kweri bado ni nzito?

Swali
Wakuu, habari za kazi. Natumia PostgreSQL (mfumo wa hifadhidata). Nina majedwali ya vipuri, magari na la kuyaunganisha, kipuri_gari, lenye mistari kama milioni 2. Ufunguo msingi ni (kipuri_id, gari_id), kwa hiyo indeksi (orodha ya kuharakisha utafutaji) ipo. Natafuta vipuri vinavyoingia Probox na Succeed, zote mbili. Nimeunga yote matatu, pamoja na kipuri_duka (idadi ya kila kipuri dukani), nikaweka DISTINCT kuondoa mistari pacha. Sekunde 6!

Jibu
Mkuu, indeksi hiyo imepangwa kwa kipuri kwanza, nawe unaanzia kwenye gari. Weka ya upande wa pili:

`CREATE INDEX CONCURRENTLY ON kipuri_gari (gari_id, kipuri_id);`

Ufunguo wa kigeni (foreign key, safu inayorejelea jedwali jingine) haukuundii indeksi PostgreSQL. MySQL kwa InnoDB ndiyo huunda. Kisha, tuseme 12 ni Probox na 15 ni Succeed:

`SELECT kipuri_id FROM kipuri_gari WHERE gari_id IN (12, 15) GROUP BY kipuri_id HAVING COUNT(*) = 2;`

IN peke yake huleta kipuri kinachoingia gari lolote kati ya hayo. HAVING ndiyo inayodai yote mawili. COUNT(*) inatosha kwa kuwa ufunguo msingi unazuia jozi kujirudia. Jedwali la magari halihitajiki kabisa hapo.

Jibu
Naongezea kuhusu DISTINCT, maana hapo ndipo wengi huumia. Kipuri chenye magari 5 na maduka 4, ukiunga vyote kwa pamoja, kinatoa mistari 20. SUM ya idadi dukani itazidi mara 5, na DISTINCT haiirekebishi. Inafuta tu mistari pacha baada ya kazi yote kufanyika. Kama unataka kujua tu kipo dukani au hakipo, tumia EXISTS, ambayo huridhika na mstari wa kwanza unaofaa (v ni jedwali la vipuri):

`WHERE EXISTS (SELECT 1 FROM kipuri_duka d WHERE d.kipuri_id = v.id AND d.idadi > 0)`

Ukitaka jumla, ipige ndani ya kipuri_duka kwanza kwa GROUP BY kipuri_id, ndipo uunge.

Muulizaji
Asanteni. Indeksi nimeweka, ila EXPLAIN (amri ya kuonyesha mpango wa kweri) bado inaonyesha Seq Scan, yaani jedwali zima linasomwa.

Jibu
Andika `\d kipuri_gari` kwenye psql. CONCURRENTLY ikikatika njiani huacha indeksi yenye alama INVALID, na kweri haziigusi: ifute, uunde upya. Kama ni nzima, endesha `ANALYZE kipuri_gari;` kisha EXPLAIN ANALYZE, ulinganishe mistari iliyokadiriwa na iliyopatikana. Gari likiwa linashika sehemu kubwa ya jedwali, Seq Scan ni uamuzi sahihi, usilazimishe.