Jei mwenye shungi wa Malaysia: je, ni jamaa ya kunguru?

Mwanafunzi wa Unguja
Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Malaysia kimasomo. Tulipotembelea msitu wa Taman Negara, Pahang, tulisikia mkwaruzo mkali wa mfululizo, kisha akatokea ndege wa kijivu iliyokoza, mwenye baka jeupe shingoni na shungi refu lililosimama wima utosini. Mwongozaji alimwita jei, akasema ni jamaa ya kunguru. Sisi tuliokulia na kunguru wa Mji Mkongwe tunashindwa kuuona ujamaa huo. Naomba mwenye ujuzi anifahamishe, na anieleze kwa nini habari zake ni chache.

Mwalimu Bayolojia, Chake Chake
Waalaykumu salaam, mwanangu. Shaka yako ina msingi. Ndege huyo, Platylophus galericulatus, alielezwa kitaalamu na Mfaransa Georges Cuvier mwaka 1816, na kwa muda mrefu alihesabiwa pamoja na kunguru, lakini uchunguzi wa vinasaba umemtoa humo, na sasa amepewa familia yake, Platylophidae, ambayo haina spishi nyingine hata moja. Jina la jei, ambalo huitwa ndege fulani wa jamii ya kunguru, limebaki kwa mazoea. Hupatikana Rasi ya Malay, Sumatra, Borneo na Java, na wale wa Java ni weusi. Kunguru wetu, aliyeletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, hunenepa majaani; huyu hula wadudu, naye anautegemea msitu.

Mpemba wa Konde
Mwalimu amemaliza suala la nasaba. Mimi naongeza la uchache wa habari, kwani linaniuma. Ndege huyu hukaa kwenye matawi ya chini na ya kati, ndani ya kivuli kizito, kwa hiyo husikika kuliko anavyoonekana, na kiota chake kimeelezwa mara chache mno. Wakati huohuo misitu ya nyanda za chini inakatwa kwa ajili ya mbao na mashamba ya michikichi, hata ameorodheshwa kuwa karibu na kutishiwa kutoweka. Sisi Pemba tunalijua jambo hilo: mikarafuu ilichukua nafasi ya msitu, ikabaki Ngezi na vipande vichache. Ukirudi Pahang, ndugu yangu, rekodi sauti yake hata kwa simu, uandike tarehe, saa, mahali, na alichokuwa akila. Kwa ndege asiyechunguzwa vya kutosha, maelezo ya namna hiyo yana thamani kubwa.

Mwanafunzi wa Unguja
Nawashukuru sana. Nitarekodi, inshallah, na sauti nitaiweka hapahapa.